Harufu Ndani ya Miwani

Sponji ya ndani ya miwani ilikuwa na utelezi. Lornah aliugundua kwa kidole gumba, Jumanne saa tatu asubuhi, alipokuwa akiifuta kwa spiriti: ute mwembamba wa kijani, kama ule unaobaki mkononi ukishatoa matumbo ya samaki aina ya mbuta. Akanusa kidole. Akajuta.

Kliniki ilikuwa Milimani, katika jumba lenye ua mkubwa na bango lililoahidi tumaini jipya. Huduma yenyewe ilikuwa hii: mtu mwenye unyogovu, yule ambaye nyumbani kwao wanasema amekuwa mvivu, anavalishwa miwani mikubwa inayoziba macho kabisa, na kwa nusu saa anaona mahali pengine, patulivu, kana kwamba amesimama hapo. Haukuwa upuuzi. Lornah, mshauri wa wagonjwa, aliwaona wawili watatu wakipata nafuu. Upuuzi ulianza pale mkurugenzi, Daktari Absalom, ambaye udaktari wake ulikuwa wa usimamizi wa biashara, alipoanza kubuni tiba.

Mgonjwa wake wa mfano alikuwa Dorca wa Kaloleni, mchuuzi wa samaki ambaye kwa miaka miwili alikuwa hatoki kitandani. Mumewe, Okinyi, alizama ziwani na maiti haikupatikana. Jamaa walifanya inavyofanywa: walichuma yago, lile tunda refu lenye uzito wa mtoto mchanga, wakalizika badala ya mwili nyumbani kwao upande wa Sondu. Kaburi likawa la Okinyi, na mambo yakaisha.

"Hukupata kumuaga," Absalom alimwambia Dorca. Akaingiza picha za marehemu kwenye mashine, nayo ikatengeneza mwanamume aliyesimama ufukweni akitabasamu. "Mwite kwa jina. Mara tatu. Halafu umuage."

Dorca aliita mara tatu. Kabla hajaaga, alijibiwa.

"Ameniuliza nimeshindaje," alisema akivua miwani.

Absalom alipiga makofi. Lornah akaenda kuikagua kompyuta. Picha ile haikuwekewa sauti.

Tangu siku hiyo Dorca akapona, kwenye fomu angalau. Alitembea mwenyewe kutoka Kaloleni, nywele zimechanwa, akajibu kila swali kwamba hana huzuni yoyote. Absalom alichora grafu. Lakini sponji ilizidi kunuka omena, wale dagaa wa ziwani, walionyeshewa na mvua, hata ilipobadilishwa mpya. Ngozi ya vidole vya Dorca ilikunjamana na kuwa nyeupe kama ya mtu aliyeshinda akifua. Macho yalitoa tongotongo za kijani. Siku moja Lornah aliona ruba amejibana penye kona ya jicho, mnene, amekwisha kushiba. Dorca alimbandua kwa ukucha, akajipangusia kwenye gauni kama anayeondoa chembe ya ugali.

"Dorca," Lornah alinong'ona, "yule si Okinyi."

"Najua."

"Unajua?"

"Okinyi hakuwa na subira ya kusikiliza mtu. Huyu ananisikiliza." Akatabasamu, na maji yakamtoka puani. "Amesema Ijumaa nikivaa, nisivue tena."

Lornah aliifungia miwani kabatini, akampigia simu Mama Rachael, mamake Okinyi. Lakini Ijumaa wafadhili walikuwa wakija kunywa chai na kutazama grafu, na Absalom alikuwa na ufunguo wa pili.

Mama Rachael alipofika, Dorca alikuwa amekwisha kuvishwa. Lornah alipofungua mlango alimwona Dorca kitini, uso ameuinua kama mtu anayebusiwa, maji ya kijani yakimtiririka kutoka chini ya sponji hadi kwenye mdomo aliouachama, naye akiyameza, taratibu, bila kukohoa, huku sponji ikivimba na kunywea, ikivimba na kunywea, kama shavu la samaki aliyetupwa nchi kavu, na kifua cha Dorca mwenyewe, Lornah alipokitazama vizuri, kilikuwa hakipandi wala hakishuki.

Akaishika miwani. Ngozi ikainuka nayo.

"Usivute," Mama Rachael alisema kwa sauti ya chini. "Utatoa na uso." Akamgeukia Absalom aliyekuwa ukutani, tai ameibana puani. "Nani aliita mtoto wangu?"

"Mama, ile ni mbinu ya kitaalamu..."

"Sisi tulizika yeye! Mwenye amezikwa haitwi. Ukiita, anakuja ule hana kaburi."

"Na nani atamfukuza?" Lornah aliuliza.

"Mwenye aliita." Akapiga magoti, akaweka mdomo sikioni mwa mkaza mwanawe. "Dorca, nyathina, mtoto wangu. Okinyi akitoka ziwani, alikuwa anafanya nini kwanza?"

Kitu kikabwabwaja ndani ya miwani: *umeshindaje, umeshindaje.*

"Nimekuuliza, mtoto wangu."

"Anaoga," Dorca alisema, maneno yakitoka pamoja na maji.

"Wapi?"

"Nyuma ya nyumba. Nilikataa aingie na harufu."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata mvua. Alikuwa ananitukana, lakini anaoga."

"Sasa nusa huyu."

Mabawa ya pua yakatanuka. Mtu ambaye kwa miaka miwili hakusikia utamu wala uchungu alikunja uso polepole, mkunjo mmoja baada ya mwingine, mpaka kinyaa kikaujaza wote.

"Ananuka," alisema. "Mungu wangu, ananuka! Toka! Toka kwangu! Mume wangu alikuwa anaoga!"

Miwani ikabanduka kwa sauti ya gamba linalong'olewa. Dorca akainama, akatapika ziwa: majani ya magugu maji, ute, vishungi vya nywele zisizo zake, omena wawili waliorukaruka juu ya viatu vya Absalom. Akatapika tena. Kisha akavuta pumzi, akapiga yowe ambalo Milimani hawajalizoea, yowe refu la mjane, lililoenea ukumbini hadi kwenye vikombe vya chai.

"Jamani, wageni," Absalom alisihi. "Apunguze sauti."

"Mwache." Mama Rachael aliketi pale pale kwenye matapishi, akamvuta Dorca kifuani. "Siku ya mazishi hakulia. Alisema, nani analilia tunda?"

"Amekufa, Mama," Dorca alisema, kamasi na machozi vikichanganyika kwenye blauzi ya mzee. "Okinyi amekufa."

"Ndiyo, nyathina. Amekufa. Lia."