Mtoto wa Upande wa Kushoto

Mizani ya wodi ilisema mtoto amepungua tena, lakini kifuani mwa mamake alizidi kuwa mzito.

Awuor alikuwa amemfunga Griffins kwa leso, ngozi kwa ngozi, kama wauguzi walivyomfundisha. Mtoto alizaliwa wa miezi saba, kilo moja na robo, nyuma ya pacha wake aliyekufa kabla ya kulia. Yule wa kwanza alizikwa nyumbani Awasi bila jina. Mama mkwe wake, Achola, alikataza asitajwe, na huyu asipewe Odongo, jina la pacha wa pili, mwenzake asije akamfuata.

Muuguzi aliuliza kama mtoto ananyonya. Awuor akasema ananyonya mchana kutwa. Hakuthubutu kusema kwamba Griffins alipolala upande wa kulia, na jua la saa saba likiwaka dirishani na akina mama wengine wakizungumza, yeye alisikia mnyonyo mdogo upande wa kushoto, na leso ikavutwa pale kama kwa goti, na maziwa yakapungua, na kifuani mwake mwenyewe ukapanda ubaridi wa udongo uliofukuliwa baada ya mvua.

Siku hiyo Achola alikuja na Kageha, mama wa maombi. Kageha alimtazama Awuor kifuani.

"Mama, unabeba wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja ndiye amelala. Huyu mwingine ana njaa."

Achola alijifunika uso. Alisema kwa sauti ya chini kwamba alitaka tu kumlinda aliyebaki. Kageha hakumlaumu. Alieleza kwamba mtoto yule hajui kama amekufa, maana hakuna aliyemwita akamwambia. Mamake ndiye amwambie.

"Akienda, ameenda kabisa?" Awuor aliuliza.

"Kabisa."

Awuor alizitazama mbavu za Griffins, nyembamba kama njiti za kiberiti. Kisha akainamia upande wa kushoto.

"Opiyo, mwanangu. Wewe ndiwe wa kwanza. Maziwa haya sasa ni ya Odongo, mdogo wako. Nenda kwa Bwana Yesu, baba. Nisamehe."

Mnyonyo ukakoma. Vidole asivyoviona vikamwachia, kimoja kimoja.

Asubuhi mizani ilipanda gramu ishirini. Muuguzi, aliyekwisha kuambiwa jina jipya, akacheka, "Mzee Odongo ameanza kula!"

Awuor alimshukuru Mungu. Titi la kushoto lilikuwa limejaa hadi linauma. Alimpa Odongo, naye akageuza uso, kama mtoto anayejua kwamba hilo si lake.