Mtama wa Asimenye

Zama zile mashamba ya mtama ya Pongwani yalipolimwa kwa jasho la watumwa, hapakuwa na malenga aliyesifiwa kama Mwinyi Kombo. Kilemba cha hariri, jambia la fedha kiunoni, na mashairi ya mkulima wa kweli. Mkulima! Mkono wake haukupata kushika jembe hata siku moja. Mashairi yale aliyatunga mtumwa wake Asimenye, mwanamke aliyetekwa pande za Nyasa, naye Mwinyi akiyakariri usiku na mchana mpaka yakamkaa kichwani.

Mwaka ule Mwinyi aliahidi kumtoa Chausiku, binti wa pekee wa Asimenye, kwa tajiri wa ng'ambo. Mama akapiga magoti.

"Bwana wangu, nihurumie. Niachie mwanangu."

"Mwanao ni wangu," Mwinyi akajibu, "na maneno yako ni yangu. Nitungie shairi la mavuno, tena upesi."

Asimenye akafuta machozi, akatunga. Ila safari hii, ndani ya shairi, kazi za shamba alizipanga ovyo kwa makusudi, akijua fika bwana wake hatang'amua kitu.

Siku ya mashindano ya mashairi na mji wa Sinde, uwanja ulifurika. Mwinyi akasimama, akaghani kwa madaha. Alipofika mahali pa kupeta mtama kabla ya kuupura, watu wakaangua kicheko. Shaha wa Sinde, mkuu wa malenga wao, akainua fimbo.

"Mwinyi, unapeta masuke mazima? Upepo gani huo, ndugu yangu!"

Lo! Mwinyi alikauka ulimi. Desturi ilimruhusu malenga aliyekwama kumwita mtu amwokoe, na mwokozi huyo hupewa alitakalo papo hapo, hadharani. Akamwita Asimenye kutoka kwa watumwa waliosimama nyuma, akamtazama kwa jicho la kusihi.

"Sema utakacho," akanong'ona.

"Chausiku awe huru," Asimenye akasema kwa sauti, kila mtu asikie.

Mwinyi akatangaza, "Mbele ya Mungu na mbele yenu, binti huyu ni huru."

Ndipo Asimenye akaghani:

Mtama nakupalia,
Jua utosini kwangu;
Ndege nakufukuzia,
Shibe si ya mwana wangu.

Watumwa waliosimama nyuma wakalia bila kujificha, na Shaha wa Sinde akaweka fimbo chini, akakubali kushindwa.

Ubeti ule ungali ukiimbwa Pongwani wakati wa palizi, nao waimbaji husema ni wa Mwinyi Kombo. Lakini siku ile hasira za Mwinyi hazikupoa. Kesho yake alimpeleka Asimenye shamba la mbali kabisa, akampiga marufuku kutunga.

Chausiku alimng'ang'ania mamaye njia panda.

"Twende wote, mama."

"Mimi sikujiombea, mwanangu. Ningeomba mawili, nisingepewa hata moja. Nenda."

Kisha akamgeuza mabega kwa mikono yake mwenyewe, akamsukuma.