Hotpoti Iliyorudi Tupu

Kengele ya saa sita na nusu ilipolia, Chiriku alikuwa wa kwanza kutoka darasani. Hilo ndilo jina walilompa nyumbani tangu alipojua kusema, kwa sababu alipojua kusema hakunyamaza tena. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mguu mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, na kila mchana alikuwa na safari ya kufanya. Alikwenda nyumbani kula, kisha akampelekea mama yake chakula kazini, halafu akarudi shuleni mbio kabla vipindi vya mchana havijaanza.

Mambo hayo yalianza pale Mama alipopandishwa cheo. Alikuwa mkata vitambaa katika karakana ya kushona sare, na sasa alifanywa msimamizi wa wakataji wote. Ilimbidi atoke nyumbani kabla jua halijachomoza, na hakuwa tena na nafasi ya kupika chakula cha mchana.

"Mimi nashinda hapa hapa nyumbani," alisema Baba, ambaye alikuwa fundi saa na meza yake ya kazi ilikuwa barazani. "Chakula cha mchana niachieni mimi."

Majirani walipomwona akimenya vitunguu walimtania. "Fundi, hiyo ni saa gani inayokuliza hivyo?" Baba alicheka nao, akajifuta machozi kwa mkono wa shati, akaendelea kumenya.

Kilichomtia hofu si majirani. Ni ulimi wa mkewe. Mama alikuwa mtu wa kuchagua chakula, na jambo hilo halikuwa siri kwa yeyote aliyewahi kula naye. Maganda ya nyanya aliyatoa moja moja akayapanga ukingoni mwa sahani kama mtu anayepanga vifungo vya shati. Yai ambalo kiini chake hakijaiva sawasawa hakuligusa. Na chakula kilichopondeka, ndiyo kabisa! "Hicho ni cha mtoto asiye na meno," alizoea kusema. "Mimi yangu bado ninayo."

Siku ya kwanza Baba alipika boga na maharage. Alipika kwa moyo wake wote, akaungua kidole, akaweka chumvi mara mbili kwa kusahau, akaongeza maji kupunguza chumvi, akaacha sufuria ichemke wakati yeye akimalizia saa ya mteja. Alipofunua, hukuweza kujua boga limeishia wapi na maharage yameanzia wapi. Chiriku, ambaye njaa yake haikuchagua, alikula akamaliza. Cha Mama kikafungwa ndani ya hotpoti ya buluu.

Jioni, baada ya masomo, Chiriku alipitia karakana kuichukua hotpoti. Mama alikuwa ameinamia meza ndefu, chaki mkononi na mkasi mkubwa ubavuni.

"Mwambie baba yako nashukuru sana, mwanangu," alisema bila kuinua macho. "Nimeshiba."

Hotpoti ilikuwa nzito vile vile. Chiriku alifunua kifuniko nje ya mlango, akaona pembeni pamechotwa vijiko viwili tu. Roho ikamuuma. Akakumbuka kile kidole kilichoungua.

Getini alikaa mlinzi, mzee mwenye mashavu ya mviringo na mwepesi wa kucheka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umebeba hotpoti kama umebeba msiba?"

Chiriku akamweleza. Mlinzi akanyoosha mkono. "Chakula kirudi nyumbani na mimi nimekaa hapa? Lete hapa!" Akala, akakomba, akaramba kijiko pande zote mbili. "Lo! Aliyepika hiki mikono yake ibarikiwe. Kidogo tu nimeze na kijiko!"

Nyumbani, Baba aliinua kichwa na kuitoa jichoni ile miwani yake ndogo ya kuangalia mashine za saa. "Enhe! Hakimu amesemaje?"

Chiriku alitazama hotpoti tupu, akatazama uso wa baba yake. Maneno yakatoka yenyewe. "Amemaliza yote! Amesema aliyepika mikono yake ibarikiwe. Amesema kidogo tu ameze na kijiko!"

"Mama yako? Huyu huyu ninayemjua?" Baba alisimama, akakaa, akasimama tena. Alicheka mpaka kifua kikamwuma, na jioni nzima alipiga mluzi.

Chiriku alijiambia kwamba hakuna ubaya. Chakula kimeliwa, Baba amefurahi, Mama hakuudhika. Kesho Baba atapika kitu kingine, na mambo yatakwisha.

Lakini kesho yake Baba alipika boga na maharage. Na kesho kutwa pia. "Sibadilishi kitu anachokipenda," alisema, na akaanza kujaza hotpoti mpaka kifuniko kikagoma kufunga. Kila jioni mlinzi alikula, na kila jioni Chiriku alibeba sifa za mlinzi akazipeleka nyumbani kama za Mama.

Juma la pili Mama alimwuliza, "Hivi sokoni siku hizi hakuna kitu kingine ila boga?"

"Ni mvua, Mama," alijibu Chiriku haraka. "Wanasema vyakula vingine havijafika." Masikio yalimwaka moto. Uongo wa kwanza ulikuwa wa kumfurahisha mtu. Huu wa pili ulikuwa wa kuuficha ule wa kwanza.

Usiombe kuwaona wale wazazi wawili wakizungumza juu ya jambo hilo. Jioni, wakinywa chai na viazi vya kuchemsha, Baba aliuliza, "Na chakula cha leo je?" Mama akajibu, "Asante sana, mume wangu. Umejitahidi." Basi Baba alimkonyeza Chiriku kwa furaha, na Chiriku akazamisha uso ndani ya kikombe.

Juma la tatu Mama alianza kulalamikia kichwa. Sketi zake zililegea kiunoni, akawa anazibana kwa pini. Siku moja alirudi akasimulia huku akicheka kwamba mchana macho yalimwingia kiwi, akakata suruali kumi zote zikiwa na mguu mmoja mfupi. "Bosi ameniuliza nimeona wapi shule ya wanafunzi wanaochechemea!" Chiriku alicheka. Baba hakucheka. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kisha akatazama pembeni.

Siku iliyofuata Chiriku alipofika nyumbani mchana hakusikia mluzi. Jiko lilikuwa baridi. Baba alikuwa ameketi kwenye meza yake, saa ndogo zote zimefungiwa kwenye droo, naye amevaa shati lake la kutokea.

"Unafunga mapema leo, Baba?"

"Nampeleka mama yako hospitali." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mtu anamaliza hotpoti nzima kila siku, mimi namwongezea, na bado anakonda. Hilo si jambo dogo, mwanangu. Bibi yako, mama yangu, alianza hivi hivi. Alikuwa anakula na kukonda, anakula na kukonda, nasi tukasema ni uchovu tu." Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Chiriku hakuwahi kumwona baba yake akiwa na woga. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakupata neno. Akajaribu tena.

"Baba, Mama haumwi. Ana njaa."

"Nini?"

Ndipo yote yakatoka, pamoja na machozi: vile vijiko viwili vya siku ya kwanza, mlinzi, mvua ya uongo ya sokoni. Baba alisikiliza bila kumkatiza.

"Na ile mikono iliyobarikiwa?" aliuliza mwishoni.

"Ni maneno ya mlinzi."

"Na kumeza kijiko?"

"Mlinzi pia, Baba."

"Kwa hiyo wiki tatu nzima nimempikia mlinzi."

Hakufoka. Afadhali angefoka, Chiriku aliwaza. Baba aliinuka polepole, akawasha jiko, akatia maji kwenye sufuria na kuweka mayai manne. Safari hii hakuondoka. Alisimama pale pale na saa ya mteja aliyokwisha kuirekebisha mbele ya macho, mpaka dakika kumi na mbili zikatimia. Kisha akachukua mkate, akamwambia, "Twende. Kwanza mama yako apate kitu tumboni. Mwalimu wako nitamweleza mwenyewe."

Mama alishtuka kuwaona wote wawili mlangoni mwa karakana. "Kuna nini? Kuna msiba?"

"Kaa ule kwanza," alisema Baba.

Mama alimenya yai, akalikata katikati, akakagua kiini. Kilikuwa kikavu kama anavyopenda. Alikula la kwanza, la pili na la tatu, na kipande kikubwa cha mkate juu yake. Hapo Baba akamgusa Chiriku begani, na Chiriku akasimulia tena tangu mwanzo. Kumwambia Mama kulikuwa kugumu zaidi kuliko kumwambia Baba, kwa sababu Mama alimtazama moja kwa moja machoni.

Alipomaliza, Mama aliweka yai la nne chini. "Umekosa, Chiriku. Umemfanya baba yako ateseke kwa hofu." Kisha akageuka kwa mumewe. "Lakini na mimi nimekosa. Kila jioni nilikuambia asante kana kwamba nimekula. Uliungua vidole kwa ajili yangu, majirani wakakutania. Ningeanzaje kukuambia kwamba boga lako limekuwa uji?"

"Ungeanza hivyo hivyo," alisema Baba. "Ungesema, 'Mume wangu, boga lako limekuwa uji.'" Alijaribu kukaza uso, lakini midomo ilimcheza, akaangua kicheko. Mama akafuata. Wakataji waliokuwa karibu walicheka bila kujua wanacheka nini.

Jumamosi, Mama alipotoka kazini mapema, waliingia jikoni wote watatu. Mama hakupika. Alikaa kwenye kigoda akimtazama mumewe anavyofanya kazi, kama anavyowatazama wakataji wake. Baba alikata boga vipande vizuri, akabandika sufuria, akaelekea barazani.

"Unakwenda wapi?" Mama alimwuliza.

"Kuangalia saa ya mteja mmoja tu. Dakika ishirini, nitarudi."

"Na dakika ishirini utazijuaje?"

Baba alionyesha ukuta wa baraza, palipotundikwa saa za wateja. Mama na Chiriku wakatazama. Moja ilisema saa nne, nyingine saa kumi na robo, ya tatu mshale wake ulikuwa unarudi nyuma, na ya nne haikuwa na mshale kabisa. Kulikuwa na saa ishirini na tatu pale, na hakuna mbili zilizopatana.

"Ndiyo maana!" Chiriku alipiga makofi. "Baba, boga lako linachemka kwa saa za wagonjwa!"

Walicheka mpaka Mama akashika mbavu. Baba alitoa kwenye droo saa ndogo ya kengele aliyokwisha kuitengeneza, akaiweka rafuni karibu na jiko. Ilipolia walifunua sufuria. Vipande vya boga vilikuwa vimeiva na bado vimesimama, na maharage yalionekana moja moja.

Mama alionja. Akatafuna taratibu. Baba alikuwa amekunja aproni mkononi kama mwanafunzi anayengoja matokeo ya mtihani.

"Chumvi imezidi kidogo," alisema Mama. "Boga liko sawa kabisa."

Chiriku alimtazama baba yake akitegemea kuona uso ukisinyaa. Haukusinyaa. Baba alichukua penseli kutoka nyuma ya sikio, akaandika kwenye kalenda ya ukutani: *Chumvi, kijiko kimoja.* Kisha akajipakulia naye.

Jumatatu hotpoti ilikwenda tena kazini, safari hii na viazi na mchicha. Pembeni yake Baba aliweka kikopo kidogo cha boga lililopondeka. "La mlinzi," alisema. "Huyo ni mteja wangu wa kwanza, na analipenda hivyo."

Jioni hotpoti ilirudi na nusu ya chakula ndani. Chiriku alitembea polepole njia nzima. Barazani, Baba aliinua kichwa. "Enhe, hakimu amesemaje?"

Chiriku alivuta pumzi. "Amesema vitunguu vimeungua, na viazi ni vizuri. Amekula nusu, na mchicha ameuacha."

"Vitunguu," alisema Baba akitikisa kichwa. "Moto ulikuwa mkali. Asante, mwanangu. Kesho nitaupunguza."

Alhamisi hotpoti ilirudi tupu. Chiriku alipitia kwa mlinzi kuhakikisha, na mlinzi aliapa kwamba mkono wake haujaigusa.

"Na leo amesemaje?" aliuliza Baba.

"Hajasema kitu. Nilimkuta anafuta hotpoti kwa kipande cha mkate."

Baba aliweka bisibisi chini. Hakuruka wala hakupiga mluzi. Alitabasamu tu, tabasamu lililokaa usoni kwa muda mrefu, akamsogezea Chiriku kiti.

"Njoo ukae. Zile sifa ulizoniletea mwanzoni zilinifurahisha sana, siwezi kukataa. Lakini hazikunifundisha hata kukata kitunguu, na mama yako alishinda na njaa. Hii furaha ya leo ni yangu kweli, nimeifanyia kazi. Ukimpenda mtu, usimfiche kosa lake. Mwambie kwa upole, na umwambie mapema, apate nafasi ya kulirekebisha. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba."

Chiriku alikunja mikono ya shati lake la shule, akaosha hotpoti ndani na nje, akaipindua juani ikauke. Kisha akaleta ungo, akaketi karibu na baba yake, wakaanza kuchambua mchele wa kesho.