Aliyesimama Mita Mbili

Zamzam alimtuma mumewe mafuta ya taa, na chupa ya mafuta ya taa ndiyo Bakari alikuwa ameishika alipoona mtu ameketi kwenye kizingiti chake. Jua lilikuwa linazama nyuma ya nyumba za Kaloleni, Kisumu, na kuku walikuwa wanaingia ndani. Yule mtu alikuwa na mkoba wa ngozi juu ya magoti. Hakuukumbatia. Aliushika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyebebeshwa nepi chafu ya mtoto wa jirani.

Bakari aliutambua mkoba kabla hajamtambua mwenyewe.

Imerudi, alijiambia.

Huyo Bakari mji haukumjua kwa ubaya. Alikuwa mpiga picha wa Idi, wa harusi, na wa watoto waliohitimu madrasa. Mashati yake yalipigwa pasi, na ulimi wake ulikuwa mtamu kuliko chai ya mkewe, ambayo watu walisema Zamzam huitia sukari akiwa amekasirika. Lakini mwaka ule wa tisini na mbili, wenye macho walikuwa wameanza kuulizana. Kwa nini mtu auze kamera yake nzuri ya Kijapani kwa bei ya kutupa, kisha aende kuazima nyingine kila Jumamosi? Wengine walisema pombe. Wengine walisema mwanamke.

Wa mwanamke walikuwa karibu na ukweli. Ila hawakujua ni mwanamke wa namna gani.

"Bwana Bakari," alisema aliyeketi. Alikuwa Gordon Oduor wa Nyalenda, naye mpiga picha, yule aliyeinunua kamera ile. "Sijakuja kugombana. Nimekuja kuuliza tu. Hii kamera ilikuwa na wewe miaka mingapi?"

"Sita. Ingia ndani tunywe chai."

"Hapa panatosha." Gordon alifungua mkoba. "Wewe ilikuwa inakula mawe ya betri namna gani?"

"Mawe manne ya flashi yalinitosha harusi mbili."

"Mimi naweka asubuhi, mapya, kwa karatasi yake. Jua likianza kushuka yamekufa. Na nikiyatoa..." Alishusha sauti. "Nikiyatoa yako na maji. Maji na mchanga. Juzi nimetoa moja na gamba ya omena imeshika kwa jiwe. Mimi nakaa Nyalenda, bwana, sivui samaki. Omena imeingia wapi?"

Bakari aliweka chupa chini polepole.

"Labda unyevu," alisema.

"Sawa, unyevu. Na fokasi pia ni unyevu?" Gordon alizungusha pete ya lenzi hadi mwisho, mahali pa kupigia vitu vya mbali, akaiweka kamera juu ya kizingiti. "Ngoja. Usiguse."

Walingoja. Muadhini wa msikiti alikuwa anakohoa kwenye kipaza sauti, akijiandaa.

Krrr.

Pete ilijizungusha yenyewe. Taratibu, kama inazungushwa na mtu asiye na haraka.

Krrr... krrr.

Ikasimama kwenye mita mbili.

"Kila siku saa hizi," alisema Gordon. "Nimepiga ubatizo mzima, wote wametoka kama moshi. Padri hana uso. Kitu kimoja tu kimeshika sawasawa, sakafu mita mbili mbele yangu. Na kwa hiyo sakafu, alama za miguu. Zimelowa."

Bakari alitaka kucheka. Mdomo ulikataa.

"Na hapa sasa, angalia vile imechakaa." Gordon aligeuza kamera na kuonyesha kile kitasa kidogo cha mlango wa nyuma, pale filamu inapoingizwa. Rangi nyeusi ilikuwa imekwisha na shaba ilikuwa inang'aa. "Hii haikuwa hivi. Vidole vyangu ni kama ndizi, haviwezi kukwangua hivi. Hiki ni kidole chembamba. Ni kama kuna mtu anafungua kila siku. Anaangalia kama kuna kitu ndani."

Hapo Bakari aliketi. Hakuchagua pa kuketi, aliketi tu, karibu amwage mafuta ya taa.

"Jana," Gordon aliendelea, "mke wangu amebeba mtoto, nimpige picha. Ana miezi mitatu. Hii kitu ikajizungusha. Mtoto akageuza kichwa, hakuangalia mimi, hakuangalia mamake. Aliangalia katikati, mahali hakuna mtu. Akanyoosha mikono abebwe. Tangu hapo anaangalia hapo tu. Hataki kunyonya. Mke wangu amesema kamera ikilala kwetu leo, yeye halali. Sasa niambie, Bwana Bakari. Ulipokuwa unaniuzia, ulijua?"

Sala ya magharibi ikaadhiniwa. Bakari hakuinuka.

"Nilijua," alisema.

Na akamweleza, kwa kunong'ona, akiangalia mlango ili Zamzam asisikie.

Ilikuwa siku ya soko kule Usenge, kando ya ziwa. Filamu ilikwisha na watu bado wamejipanga, wamejipaka mafuta, wamevaa nguo za kanisani. Wapiga picha wote wanajua dawa ya siku kama hiyo, ingawa hakuna anayeisema. Unapiga flashi tupu. Mteja anaona mwanga, anafurahi, anakwenda zake. Baadaye unamwambia picha ziliungua wakati wa kuoshwa. Bakari aliwapiga watu saba namna hiyo.

Wa saba alikuwa Benta. Gauni la buluu, kola nyeupe, amekonda hadi kola imemzidi shingo. Alikuwa ametoka kuoga, ananukia sabuni juu ya harufu ya omena. Akasimama mita mbili kutoka kwake, penye ukuta wa kijani wa ghala la samaki.

"Alisema ni mgonjwa," Bakari alinong'ona. "Alisema ana binti wa miaka miwili. Anataka picha moja ya kumwachia, ili mtoto akikua ajue mamake alikuwa na sura gani."

"Na wewe?"

"Nilimwambia, 'Usitikisike, dada.' Nikapiga."

"Tupu."

"Tupu. Akaniuliza, 'Imetoka?' Nikamwambia imetoka."

Benta alikuja Kaloleni mara tatu kuulizia picha. Kila mara amekonda zaidi. Mara ya tatu alishika ukuta kupanda kizingiti hicho hicho, na Bakari, akiona haya hata kumwangalia, alimwambia, "Njoo Ijumaa." Ijumaa hakuja. Baada ya wiki mbili alikuja mamake, Dorca, akiomba picha yoyote, hata mbaya, ya kuweka juu ya sanduku, maana kwao maiti husindikizwa na sura yake. Bakari alimwambia iliungua. Benta akazikwa bila sura. Jioni ile ile pete ikajizungusha kwa mara ya kwanza.

Waliosali walikuwa wanaanza kutoka msikitini.

"Basi nenda ukampige picha," alisema Gordon. Alitoa filamu mpya mfukoni na mawe manne ndani ya karatasi, akaviweka juu ya mkoba. "Ya kweli. Na sikia, meno ya ndani yameisha, filamu inateleza. Ukishaweka, vuta mara mbili na uangalie kile kishikio cha kushoto. Kikizunguka chenyewe, imeshika. Kisipozunguka, fungua uweke tena. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alisikia kwa masikio tu.

Kesho yake, Alhamisi, Bakari alifika Usenge jua likiwa bado juu, lakini miguu ilimpeleka kila mahali isipokuwa alikopaswa kwenda. Alikunywa soda. Alitazama omena zikigeuzwa juu ya nyavu. Alipofika kwa Dorca, mama huyo alikuwa anaanza kuzikusanya, jua limekuwa jekundu. Kando yake kitoto cha kike, binti wa Benta, kilikuwa kinachambua omena, kikila mbili na kutia moja kwenye beseni.

"Oimore, Mama," alisalimu Bakari kwa Kijaluo.

Dorca alimwangalia kwa muda. "Wewe ni wa picha."

"Ndiyo, Mama. Nimekuja... Nimekuja kurekebisha."

"Alikungoja sana," alisema Dorca. Hakusema kwa hasira, na Bakari alitamani angesema kwa hasira. "Hata akiwa amelala kitandani alikuwa anasema nisimvue lile gauni, labda utapita." Akaonyesha kwa kidevu. "Ukuta ni ule ule."

Ukuta wa kijani ulikuwa umeanza kubabuka. Hapakuwa na mtu. Bakari alifungua kamera, akaingiza filamu. Akafunga. Akavuta mara moja, akavuta tena. Alitakiwa kuangalia kitu, lakini kitu gani... Macho yake hayakuweza kutoka kwenye mchanga.

Mchanga ulikuwa mkavu. Kisha haukuwa mkavu.

Alama ya mguu. Ya kushoto.

Ya kulia.

Krrr... krrr.

Ikaja harufu ya omena. Chini yake, hafifu, harufu ya sabuni.

Mbwa waliokuwa wanagombea utumbo wa samaki walinyamaza pamoja. Kile kitoto kiliacha kutafuna. Kiliangalia ukuta, kikainamisha kichwa upande, kama mtoto anayechekewa na mtu anayemjua.

Bakari aliinua kamera. Kwenye kioo aliona ukuta. Ukuta tu. Lakini ulikuwa umefifia, na mbele yake, hewa yenyewe ilikuwa imeshika fokasi.

"Usitikisike, dada," alisema. Sauti haikuwa yake.

Akabonyeza.

Mwanga ulikuwa mweupe kupita kiasi. Ukuta wote uliwaka. Na katika kuwaka huko, Bakari aliona kola. Kola nyeupe tu, imemzidi mtu shingo.

Giza likarudi. Alijipapasa kifuani akitafuta pumzi, mkono ukagusa kitu kigumu ndani ya mfuko wa shati.

Mawe manne. Bado yako ndani ya karatasi, na flashi haikuwa na jiwe hata moja.

Karibu na sikio lake, mtu akauliza taratibu.

"Imetoka?"

"Imetoka, dada," alisema Bakari, akilia waziwazi mbele ya wauza samaki. "Wallahi safari hii imetoka."

Harufu ya sabuni ikaondoka. Mbwa wakaanza kugombana tena. Alimwambia Dorca kwamba wiki ijayo atamletea picha, kubwa, yenye fremu, naye Dorca akamfungia omena kwenye gazeti. Usiku ule Bakari alilala katika chumba cha kupanga pale Usenge, usingizi wa mtoto, wa kwanza kwa mwaka mzima.

Ijumaa alirudi Kisumu. Alisali sala ya Ijumaa, akala vizuri, akamtania mkewe, na Zamzam akamwuliza kama amepigwa na jua. Gordon alikuwa ametuma salamu kwamba mtoto amenyonya. Alasiri ilipokuwa inaisha Bakari aliingia kwenye kijichumba chake cha kuoshea picha, akafunga mlango, akaziba mwanga, akaiweka kamera mbele yake.

Alishika kile kishikio cha kushoto ili airudishe filamu ndani ya mkebe wake.

Kilizunguka chepesi.

Chepesi mno. Kama kitu kisichofungwa na chochote.

Alikumbuka meno yaliyoisha. Alikumbuka alichotakiwa kuangalia. Alifungua mlango wa nyuma wa kamera gizani na kupapasa kwa kidole. Filamu ilikuwa imekaa pale pale alipoiweka, ulimi wake nje, kavu, haijavutwa hata ukucha mmoja.

Tupu.

Mara ya pili, tupu. Na safari hii alikuwa ameapa.

Alikaa gizani. Alijaribu kujiambia kwamba si kosa lake, kwamba ni uchakavu tu, chuma na chuma vimesagana. Ni kweli. Ila ni yeye aliyeambiwa aangalie, akaitikia amesikia.

Krrr.

Mkono wake ulikuwa juu ya lenzi. Aliisikia pete ikizunguka chini ya kiganja, taratibu, ikaipita mita mbili anayoijua kwa kidole. Haikusimama hapo.

Krrr... krrr.

Alihesabu vijialama vilivyochongwa kandokando ya pete. Mita moja na nusu. Mita moja.

Mlango wa kijichumba ulikuwa umbali wa mkono kutoka mgongoni pake. Nyuma ya mlango Zamzam alibisha, kwa sauti ile yake ya kuudhika na wageni.

"Baba Saumu. Kuna mtu wako hapa. Nimempa kiti, hataki kukaa. Anasema ulimwambia aje Ijumaa."

Bakari aliondoa mkono juu ya lenzi.

"Toka basi umsikilize," alisema Zamzam. "Ananilowesha sakafu."