Mche wa Dona Iracilda

Shangazi yangu Dalvina alikuwa fundi wa magauni ya arusi, na mtaa mzima wa Jurunas hapa Belém uliisifu mikono yake. Ila alikuwa na husuda, nisimfiche. Jirani yetu Dona Iracilda alikuwa na mmea wa maranta sebuleni, majani yake yana mabaka meupe na mishipa myekundu, na jioni hujikunja kama viganja vya mtu anayesali. Paka wake, Pipoca, aliyatafuna atakavyo, maana hayana sumu. Shangazi kila akiomba mche ananyimwa.

Iracilda akafa. Msibani, watu wakinywa kahawa kando ya jeneza, nikamwona Shangazi anatoa mkasi.

"Shangazi, si umwombe binti yake!"

"Hebu nyamaza! Nani hapa hajui mche wa kuombwa unakauka? Lazima niuibe ndio ushike."

"Marehemu anakuona."

"Aone! Atanifanya nini, na mikono imefungwa rozari?"

Akaukata, akaupanda chunguni kwetu. Mche ukashika upesi, ukajaa majani. Pipoca naye akahamia kwetu, akawa analala kando ya chungu. Siku moja akang'ata ncha ya jani. Jioni kidole cha Shangazi kilikuwa na alama za meno. Akatafuna jani jingine. Kidole kingine kikafa ganzi, kikawa cheusi. Sindano ikamshinda.

Akamtia paka kwenye gunia lenye jiwe.

"Shangazi, nakusihi. Msikie anavyolia."

"Akalie mtoni."

Akamtosa katika mto Guamá huku anacheka. Kicheko kile sijamsamehe mpaka leo.

Jua likatua. Majani yakajikunja. Mikono ya Shangazi ikajikunja. Kiganja kwa kiganja.

Kulipokucha, majani yakafunguka. Mikono, wapi! Daktari alivuta mpaka mifupa ikalia. Nikashika shina niling'oe. Shangazi akapiga yowe.

"Acha! Unaning'oa mikono!"

Basi naumwagilia. Yeye namlisha kwa kijiko. Nafunga mlango, nafunga madirisha. Hata hivyo asubuhi nakuta manyoya yaliyolowa juu ya udongo, yananuka mto, na jani limetafunwa.

Leo nilisimama mbele ya chungu asilione jani lililotafunwa. Shangazi akanitazama kutoka kitandani, akanong'ona:

"Niambie tu, mwanangu. Leo ni kidole kipi?"