Deki ya Mahari ya Azza

Wallahi, billahi, tallahi, kisa hiki ni kweli tupu, na mimi Hatibu nilikuwepo mwanzo hadi mwisho. Wanaonijua hapa Makorora watasema, "Huyu tena!" Sawa. Basi naweka nadhiri hadharani: nikinaswa na uongo hata mmoja, nitakaa kitako juu ya mbuzi ya kukunia, nikune nazi za shughuli nzima huku wanawake wananitazama. Sasa tulieni.

— Haiingii!

Sauti ya Azza ilitoka chumbani, sisi wanaume tuko barazani kwao Chumbageni, vikombe vya kahawa mkononi.

— Isukume taratibu, Azza, akasema Jaku. Inataka upole.

— Upole gani? Mdomo mdogo, kaseti kubwa! Hii ni sawa na kumlisha kuku embe zima!

Mzee Badr, baba yake Azza, akaweka kikombe chini. Sijapata kusikia kikombe kidogo namna ile kikipiga kelele vile.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na sita. Tumetoka kwenye foleni za sabuni na unga wa njano, milango ya biashara ndiyo kwanza inafunguliwa, na vitu tulivyokuwa tukivisikia vimeanza kuonekana madukani. Jaku, Mpemba, karani wa bandarini, rafiki yangu, alinifanya mshenga wa posa yake kwa Azza. Mzee Badr hakumtaka. Alikuwa na mtoto wa nduguye huko Muskat, ndiye aliyemwekea binti. Lakini mahari huitaja mwali mwenyewe, na Azza aliitaja nyuma ya pazia, sote tukasikia:

— Sitaki dhahabu. Nataka deki ya video, mama amwone kaka Yazid.

Yazid alikwenda Muskat, akaoa hukohuko, akatuma kaseti ya harusi yake. Akasahau kwamba kwao kuna televisheni tu, ile inayokamata Unguja kwa antena iliyofungwa juu ya mwanzi. Mama yao, Bi Muzna, macho yalikuwa yanaingia ukungu, na kila mwezi ukungu unazidi. Kuipeleka kaseti kwa mwenye deki mjini haikuwezekana, maana ilijaa wanawake wa harusini bila buibui. Mwanamume wa kando hakuruhusiwa kuona hata ganda lake. Ilikaa ndani ya kasha, imeviringwa kanga, na ufunguo uko shingoni mwa Bi Muzna.

— Haya, alisema Mzee Badr. Lakini mwezi mwingine ukiandama mke wangu hajamwona mwanawe, Azza anapanda ndege.

Jaku akauza pikipiki yake. Tukazunguka Tanga nzima tukiuliza deki ipi ni bora, mpaka tukafika Ngamiani, dukani kwa Uweso.

— Ziko mbili, alisema Uweso. Hii ya kaseti kubwa, picha yake nzuri. Hii ya kaseti ndogo, picha yake, subhanallah! Mtu akilia unaona chozi limeanzia jicho lipi.

Akaiwasha. Samaki akatokea kwenye kioo, na paka wa Uweso akamrukia, akavunjika jino. Niliona mwenyewe.

— Bi Muzna macho hayamsaidii, alisema Jaku. Nipe hiyo inayoonyesha chozi.

— Una hakika?

— Nimeuliza mafundi, nimemuuliza baharia aliyetoka Dubai, nimemuuliza hadi imamu wetu.

Ndiyo hiyo sasa iliyokataa kumeza kaseti. Azza akaja mpaka mlangoni, pazia katikati.

— Jaku, uliuliza nani?

— Kila mtu. Wote wamesema hii ndiyo yenye picha safi.

— Mimi uliniuliza lini?



— Azza, kaseti ile ina wanawake. Mimi naanzaje kuiulizia...

— Nani kakwambia uitazame? Ungesema tu, "Azza, ni kubwa au ndogo?" Nalala nayo chumba kimoja mwaka mzima! Unataka kunioa, na umeniruka kama kizingiti!

— Basi, akasema Mzee Badr. Mshenga, chukueni mzigo wenu.

Tukarudi Makorora kwa miguu, deki kichwani kwa Jaku. Mpaka tunakaribia nyumbani ndipo aliponifumbulia mdomo.

— Hatibu, mimi nilidhani kutomuuliza ndiyo kumheshimu.

— Ndivyo tulivyofunzwa.

— Basi tumefunzwa nusu.

Asubuhi yake akaenda kusimama chini ya dirisha la Azza. Mimi nilijibanza nyuma ya mpapai, kazi ya mshenga haina likizo.

— Hodi.

— Mwenye nyumba hayupo. Na mimi pia sipo.

— Basi nimwachie ujumbe huyo asiyekuwepo. Nimekuja kuuliza. Kaseti yenu ikoje?

Dirisha likafunguka upana wa kidole. Ukatoka ukili, ule wa kushonea mikeka, umekatwa kipande.

— Huo ndio upana wake. Kapime mdomo wa deki, usipime midomo ya watu.

— Nina swali jingine.

— Lipi tena?

— Ukiwa mke wangu, ungependa nikuulize nini kila siku?



— Anza na kama nimekula.

— Umekula?

— Bado. Nakungoja na deki yako.

Uweso alikubali kubadilisha, ila alinung'unika.

— Nakuonya, Jaku, picha ya hii haifikii ya ile.

— Ile ni nzuri kwa kaseti ya nani? Jaku akamjibu, ukili keshaulaza kwenye mdomo wa deki. Ulienea sawasawa.

Siku ya pili tukawa tena barazani, na mwezi u karibu kuandama. Wanawake ndani, mlango umefungwa, Jaku anaelekeza kwa sauti kupitia ukutani.

— Washa. Sasa isukume. Imeingia?

— Imeingia!

— Bonyeza kitufe kikubwa.

Mimi, kwa cheo changu cha mshenga, niliruhusiwa kupenya ndani. Bi Muzna alikuwa amekaa shubiri moja kutoka kwenye kioo. Ghafla akapiga ukelele:

— Namwona! Yazid mwanangu! Kafuga masharubu kama babake! Mbona kakonda hivi, huyo mke hampikii?

Nikamwona kwa macho yangu haya akinyoosha kidole, akiyapapasa yale masharubu kwenye kioo, unywele mmoja mmoja. Huko barazani Mzee Badr akajifuta uso kwa ncha ya kilemba.

— Jaku, akasema, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. Nenda kamwite shekhe.

Wakaozwa Ijumaa hiyo.

Hapo ndipo nilipokuwa nimekomea, nikakituma kisa kwenye kundi letu la simu. Chai haijapoa, ujumbe ukaingia. Azza.

"Shikamoo shemeji. Chumbani uliingia saa ngapi, na ulivaa buibui la nani?"

Nikajibu: "Marahaba. Niliingia kiroho."

"Ulikuwa barazani unakula kaimati. Sasa nikwambie ambalo hukuliona. Mama hakuona kitu. Ukungu ulikuwa umeshafunga, alituficha. Picha inacheza huku, yeye kaelekeza uso ukutani. Nikataka kulia, akanibana mkono. Yazid aliposema, Mama, asalamu alaykum, sauti akaijua. Akaninong'oneza, masharubu anayo? Nikamwambia anayo, kama ya baba. Amenenepa? Nikasema kakonda. Ndipo akapaza sauti, baba asikie huko nje."

Nikaisoma tena. Miaka yote hii nimekisimulia kisa hiki kwenye kila baraza, nikikipamba kwa paka na masharubu, kumbe uongo mkubwa kuliko yote ulishasemwa na Bi Muzna, kupitia ukutani, kwa ajili ya kijana aliyekaa nje hana la kufanya.

"Jaku anajua?" nikaandika.

"Nilimwambia siku za fungate. Nikaogopa ataumia, kauza pikipiki kwa ajili ya macho yale. Aliniuliza moja tu: Ulimsimulia vizuri?"

Kisha ujumbe wa mwisho: "Ijumaa tunamwoza mjukuu wetu. Nazi zimeshafuliwa. Mbuzi ni ileile ya mama. Wahi, shemeji."

Ndiyo maana leo naandika kwa kidole gumba kimoja, kingine kimekatwa na mbuzi. Niko uani Chumbageni, nimekaa kitako, vifuu vimenizunguka, na wanawake wa pande zote mbili wananicheka mpaka wanashikana mabega. Wananiuliza habari za paka wa Uweso. Siwajibu.

Amepita Jaku, mvi kichwa kizima, akasimama akanitazama.

— Hatibu, umekula?

— Bado, nikasema. Na hilo ni kweli.