Kiti cha Mama Kilichouzwa

Jamani, majirani, sogeeni niwaambie yaliyoipata nyumba inayotazamana na yangu. Mimi ni fundi cherehani, mlango wangu uko wazi mchana kutwa, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Mwenye haraka aende zake, atakuja kuyasikia yakiwa yamepotoshwa.

Nyumba ile ilikuwa na raha yake. Jioni mama mwenye nyumba aliketi barazani akichambua mchele kwa vidole, maana mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili na alichobaki kuona ni vivuli tu. Mkamwana wake alikaa pembeni akikunja nguo, na wawili hao walitaniana mpaka ukawadhani ni dada. Mwana wa yule mama, tuliyemwita Chapuchapu kwa kuwa hajawahi kungoja chai ipoe, alikuwa na duka la kutoa kopi karibu na stesheni. Ukoo mzima ulimtegemea. Mwenye kusajili laini ya simu, mwenye kuandikisha mtoto shule, wote walimpelekea vitambulisho vyao, naye alibaki na kopi. "Ziache hapa, shangazi," alikuwa akisema, "siku ukikwama usihangaike." Nao wakamwachia. Damu nzito kuliko maji, nani angemshuku?

Kisha timu yetu ikaingia fainali, na mtaa ukashikwa na wazimu. Mechi ilikuwa mji wa mbali, na mvua zilikuwa zimeondoka na daraja la barabara kuu, kwa hiyo njia ilikuwa moja tu, treni. Watu wa reli wakatangaza kwamba viti vitakatwa kwa simu, kila kiti kwa jina na namba ya kitambulisho, mtu mmoja kiti kimoja. Waliweka sheria hiyo ili walanguzi wasivihodhi.

Chapuchapu alipoisikia alicheka. Sheria iliyowafunga wengine mikono ilimfungulia yeye mlango, kwa sababu majina ya ukoo mzima alikuwa nayo dukani. Siku viti vilipofunguliwa aliinamia simu asubuhi nzima akawakatia wajomba, mashangazi, mashemeji, hata bibi mmoja ambaye hajatoka kitandani tangu mwaka juzi. Halafu akaviuza kimoja kimoja kwa bei ya kukata pumzi.

Mimi nilimwambia, sikumficha. "Mwanangu, majina ya watu hayo, si bidhaa."

"Mama Cherehani," akanijibu huku akicheka, "kwani jina likitumika linaisha?"

Basi, wiki ya mechi hospitali ikapiga simu. Mgonjwa mmoja ameahirisha, nafasi ya kupasuliwa macho imepatikana, mama afike kabla ya Jumamosi, na hospitali yenyewe iko mji uleule wa mechi. Akikosa atarudi mwisho wa foleni, na daktari alikwisha kumwonya kwamba akichelewa zaidi hataona tena hata vivuli. Mama hakumngoja mwanawe. Alishikwa mkono na mkamwana wake wakaenda mpaka dirisha la tiketi.

Karani akaingiza namba yake, akatabasamu. "Mama, wewe una kiti tayari. Behewa la tatu, dirishani. Aliyekukatia ndiye mwenye tiketi."

Laiti mngemwona akirudi! Mtaa mzima aliusimamisha. "Mwanangu kanikatia kiti kabla sijamwomba! Hata simu ya hospitali haijaja, yeye keshafikiria macho yangu!" Chapuchapu alipofika jioni alimkuta barazani na majirani, na mama akainua mikono akamwombea dua ndefu mbele yetu sote. Nilimtazama yule kijana. Alisema amina.

Kiti chenyewe alikuwa amekwisha kumuuzia kinyozi wa mtaa wetu. Akatoka mbio mpaka kibandani kwake.

"Kaka, nirudishie ile tiketi. Pesa yako yote nakupa, na juu yake nakuongeza."

Kinyozi hakusimamisha wembe. "Tangu nizaliwe sijaiona fainali kwa macho yangu. Kamwombe mwingine."

"Mwingine hana jina hilo."

"Jina gani? Tiketi ni tiketi."

Hapo ndipo angeweza kusema, "Ni kiti cha mama yangu mzazi." Maneno machache tu! Nalijua lile dume, lina moyo, lingempa palepale. Lakini Chapuchapu aliogopa aibu ya mtaa kuliko giza la mamake. Akaondoka kimya.

Asubuhi ya safari nilikuwa stesheni nikiuza vibendera nilivyoshona. Walanguzi walikuwa wamelalamikiwa sana, na mkaguzi akasimama langoni akilinganisha kila tiketi na kitambulisho. Kinyozi akamkabidhi karatasi yake, kifua mbele.

Mkaguzi akaisoma, akamtazama, akaisoma tena. "Hapa pana jina la mama mtu mzima. Bibi, ndevu umeota lini?"

Watu wakaangua kicheko. Kicheko kikafa alipofuata fundi mwashi mwenye tiketi ya mwanamke, na nyuma yake dereva mwenye tiketi ya shangazi wa mtu. Wote wakawekwa kando. Wakaanza kupiga kelele wakilitaja jina moja, na mwenye jina alikuwa anaingia langoni na begi la mama yake, mama na mkamwana wakimfuata, labda akidhani jina peke yake lingetosha.

Mama akatoa kitambulisho. "Kiti changu kipo, baba. Kanikatia mwanangu."

"Mama," kinyozi akasema polepole, "hicho kiti mwanao ameniuzia mimi."

Yule mama akageuza uso huku na huku. "Chapuchapu, uko wapi? Sema nikusikie."

"Nipo, mama."

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Nikakuombea dua watu wanasikia, nawe ukaitikia amina?"

Akaliweka begi chini. Machozi yalimtoka mama, nami yalinitoka, sioni haya kusema.

"Dua sizirudishi," akasema. "Mzazi hazirudishi. Lakini umeniuza, mwanangu, na macho yangu umeyauza."

Kinyozi akamtia mama tiketi mkononi. "Panda, mama. Mpira utachezwa tena."

Mkaguzi akauliza nani atamwongoza mgonjwa. Ikagundulika kwamba hata mkamwana alikuwa na kiti, kwa jina lake, alichouziwa yule mwashi. "Hata mimi mkeo!" akasema, akapanda bila kumwangalia mumewe. Chapuchapu akakimbilia dirishani kuomba nafasi ya kusimama tu. Hakuna. Ukoo mzima ulikuwa na viti ndani ya treni ile, ila yeye. Kwa ujanja wake aliogopa kutumia jina lake mwenyewe, asije akashikwa.

Treni ikaondoka na viti vitupu, huku mashabiki wamemzunguka na askari wa reli anamwita ofisini.

Mkamwana alinisimulia yaliyobaki. Bendeji zilipofunguliwa, mama alipepesa macho, akauona uso wa mkwewe, akaushika kwa mikono miwili akacheka. Kisha akachungulia nyuma yake, mlangoni.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko stesheni, mama. Anarudisha pesa za watu."

Mama akautazama mlango kwa muda mrefu, na sasa alikuwa anauona vizuri.

Mafunzo

Ndugu zangu, mtu akikukabidhi jina lake amekukabidhi heshima yake, usiifanyie biashara. Mlanguzi hudhani anamnyang'anya mtu asiyemjua, lakini kiti anachokificha kina mwenyewe, na mwenyewe huyo anaweza kuwa mama yake. Na ukikosea, sema mapema ungali unaweza kurekebisha. Aibu ya kusema hupita. Chapuchapu alinyamaza, na siku mama yake alipopata macho, hakuwepo kuonwa.